Nilimwambia Mdogo Wangu Yote Kuhusu Uingereza, Isipokuwa Hili

Kosa ni langu. Simsingizii mtu, wala baridi, wala Wazungu. Mdogo wangu aliniuliza mambo ya kujua kabla hajaja Uingereza. Nikamwandikia kurasa kumi na moja, zote za kweli, nikaacha jambo moja tu. Hilo moja ndilo lililomharibia. Jina langu naomba lisitajwe. Yeye nitamwita Wakesho, ingawa si jina lake.

Kwetu ni Taita. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, Wakesho ananifuata. Niliingia Birmingham mwaka wa 1968 kusomea uuguzi. Siku ya kwanza hospitalini, mama mmoja wa ofisini alinisogezea fomu, nikatia sahihi bila kusoma. Nilikuwa na usingizi wa safari na kichwa kinaniuma. Ningejuaje!

Miezi minane ikapita. Siku moja tulikuwa tunaosha vyombo vya haja vya wagonjwa, mimi na mwenzangu mmoja Mjamaika, akaniuliza, "Kwani wewe hujui kuna kozi mbili?"

"Kozi mbili za nini?"

"Za uuguzi. Ya miaka mitatu ndiyo kamili. Sisi tumewekwa kwenye ya miaka miwili. Kwenu hawatakutambua na cheti hiki, jua hivyo."

Nilikwenda kwa matroni, mkuu wa wauguzi, kuomba nihamishwe. Aliniambia nishukuru kwa nilichopata, akaendelea kuandika. Nikatoka.

Lakini nyumbani nilikuwa nimeshaandika kwamba nasomea usista wa hospitali, ule uuguzi mkubwa. Baba aliisoma barua hiyo kanisani, watu wakapiga makofi. Mama akaanza kuitwa Mama Sista. Sasa nitawaambia nini watu hao? Nikanyamaza. Nilipomaliza nilipewa mkanda wa sare wa kijani, ule wa kozi fupi. Nikapigwa picha nimeuvaa, nikaituma nyumbani bila wasiwasi, maana kwenye picha nyeusi na nyeupe nani ataona kijani?

Ndipo barua ya Wakesho ikafika. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha wauguzi Mombasa, miaka mitatu kamili. "Lakini Baba anataka nije huko nitoke kama wewe," aliandika. "Dada, niambie kila kitu mgeni anachopaswa kujua. Usinifiche."

Usinifiche! Aliandika hivyo hivyo, kwa mkono wake.

Nilikaa Jumapili nzima nikimjibu. Nilimwambia asinunue koti Nairobi, makoti ya huko ni mepesi, atalipata hapa sokoni. Kwamba Desemba saa kumi jioni ni giza. Kwamba chumba kina mita ya gesi inayokula sarafu, na sarafu zikiisha moto unazimika hata kama chai haijachemka. Kwamba mwenye duka akimwita "bab" asidhani anatongozwa, huku Birmingham hata bibi kizee huitwa hivyo. Kwamba kwenye basi watu hupanga foleni na hawasalimiani. Kwamba ataona kibao cha chumba cha kupanga, atabisha hodi, ataambiwa kimeshachukuliwa, na kesho yake kibao kitakuwa palepale. Hata hilo nilimwambia.

Ukurasa wa kumi nilianza kuandika, "Ukifika hospitalini uliza ni fomu ya kozi gani." Nikasimamisha kalamu. Nikimwambia hivyo, ataniuliza nimejuaje. Nilichana ukurasa ule, nikauandika upya, nikajaza habari za soksi za sufu.

Akaja. Nafasi ya Mombasa alimwachia mwingine. Alilala kwangu mtaa wa Sparkbrook siku tatu, anacheka kila kitu, hata mvuke unaomtoka mdomoni. Siku ya nne nikampeleka hospitalini mwenyewe, nikaketi kando yake ofisini. Fomu ikasogezwa. Ilikuwa ileile.

Wakesho akanigeukia. "Dada, ndiyo hii?"

"Ndiyo," nikasema. "Weka sahihi."

Akaweka. Ee Mungu wangu, niliiona kalamu ikienda!

Hakuchukua hata miezi mitano kujua. Wenzake walimwambia. Alikuja kwangu na sare yake chini ya koti, hakukaa.

"Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia avue koti kwanza, nimpe chai.

"Dada, nimekuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla hujaja."

Nilingoja anipige, au alie. Hakufanya lolote. Alisema tu, "Sawa," akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akaondoka. Mimi nikanywa vikombe vyote viwili vya chai, changu na chake. Sikusikia uchungu. Nadhani uchungu ndio ungekuwa nafuu.

Alimaliza miaka yake miwili, wa kwanza darasani, akarudi Kenya. Ofisi zilikitazama cheti chake, zikamrudishia. Leo ni msaidizi katika zahanati ndogo, anaamrishwa na wasichana aliowatangulia shuleni.

Lakini lililonimaliza ni hili: hakunitaja! Nyumbani hakusema neno. Mama akaniandikia, "Mdogo wako ametuaibisha. Tumempeleka palepale ulipofaulu wewe, yeye ameshindwa. Mshauri awe na bidii kama yako." Niliisoma barua hiyo nimesimama ngazini, nikaitia mfukoni, nikaenda kazini. Nilitandika vitanda ishirini siku hiyo. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na mwili wangu nauona kama wa mtu mwingine, nilioazimwa tu.

Ilinichukua miaka minne kumwandikia Baba ukweli wote. Yeye hakunijibu. Aliyejibu ni Wakesho, mistari mitatu: "Barua yako imefika. Baba ameisoma, akaiweka. Watu huku wameshazoea kuniona hivi, kwa hiyo usijisumbue tena."

Sasa nakaa Saltley, mtaa mwingine wa Birmingham, peke yangu, bado niko wodini. Wasichana kutoka kwetu wanaendelea kuja, nami huwangoja mlangoni pa ofisi ile niwaambie waulize kabla ya kutia sahihi. Wengine hunishukuru. Wengine huniona mwanamke mwenye wivu.

Nyinyi mlioko ng'ambo, nawasihi! Ndugu yako akikuuliza huko kukoje, usimweleze baridi na mabasi peke yake. Mweleze na wewe umefanywa nini huko, hata kama ni aibu. Mimi aibu yangu niliificha vizuri sana, na aliyeivaa ni mdogo wangu.