Matairi Manne ya Kagwe

Mjomba wangu Kagwe hakuwa mtu wa haraka. Aliendesha gari polepole mpaka watu wa Ruiru wakawa wanamtania kwamba kabichi zake hufika Thika zimeshachanua. Nayasema haya makusudi, kwa sababu siku ninayoisimulia ndiyo siku aliyofanya haraka, na mpaka leo inaniuma.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, serikali ya kikoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni. Watu wa Gatongora walikuwa wameondolewa mashambani na kusongamanishwa katika kijiji kimoja, handaki na seng'enge pande zote, lango moja tu, na langoni hedimani Gerishon, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, pamoja na homgadi, askari wake wa ulinzi. Kutoka kulitaka pasi, na jua likizama lazima uwe umerudi. Kagwe alikuwa na pasi kwa sababu aliendesha pikapu ya Dhanji, mfanyabiashara wa mboga wa Thika. Wengine walimwonea wivu. Wivu wa nini? Kamba yake ilikuwa ndefu kidogo kuliko zao, basi.

Wanawake ndio waliochimbishwa lile handaki. Mkewe, Waithira, alichimba miguu mitupu hadi kigingi cha mwanzi kikamtoboa unyayo. Basi tairi la spea lilipopasuka ubavu, Kagwe alilipeleka kwa Munyao, mshona viatu wa Thika, naye Munyao akamkatia Waithira akala, viatu vya mpira wa tairi. Zilikuwa nzuri, ngumu, na chini zilibaki na meno ya tairi, yamepangwa kama mifupa ya samaki. Matairi manne ya pikapu yalikuwa na meno hayo hayo, maana Dhanji aliyanunua yote pamoja.

Asubuhi hiyo Kagwe alimkuta Gerishon amechuchumaa kando ya njia ya mtoni, karibu na lango. Kila jioni homgadi walifagia udongo wa pale kwa matawi, ili atakayepita aache alama. Na alama ilikuwepo: unyayo mmoja, mifupa ya samaki.

"Akala za namna hii ni za watu wa msituni," Gerishon alisema. "Jioni tunakagua kila mguu na kila gari. Anayewapa mpira nitamjua kwa matairi yake."

Hakuitazama pikapu. Pale langoni palimwagwa kokoto, gari halikuacha alama. Kagwe alitia gia akaondoka.

Alipokwisha kushusha kabichi Thika, tairi moja la nyuma likaingiwa na msumari na kupasuka, hatua chache kutoka gereji ya Pritam Singh. Fundi huyu walijuana miaka. Alizunguka gari, akapiga matairi kwa teke moja moja.

"Nyuma weka mbili mpya, zivutane sawa," alisema. "Mbele iko mzuri bado. Dhanji nitaongea naye mimi. Sasa unataka mbili ama nne?"

Siku nyingine Kagwe angejibu huku anapiga miayo. Siku hiyo alisimama akiyakodolea macho matairi ya mbele, na ile mifupa ya samaki ikamkodolea pia. Akibadilisha mawili, mawili yatakayobaki yatamsema langoni. Akibadilisha manne, ataulizwa kwa nini leo. Kulala Thika hawezi, pasi haimruhusu. Kukimbia hawezi, mkewe na mtoto wao Njambi wamo ndani ya seng'enge. Aliniambia alitamani hata gari lenyewe liungue, apate sababu ya kutorudi. Mtu mzima, anatamani moto.

"Nne," alisema mwishowe. "Na haya ya zamani tuyachome."

"Choma? Kagwe, wewe mgonjwa? Hii mbili nauza kesho!"

"Choma, Singh. Nakuomba."

Pritam alimtazama usoni, akaacha kubisha. Waliyachoma nyuma ya gereji. Kagwe alisimama pale pale penye moshi akikoroga kwa chuma, hata mfupa mmoja wa samaki usibaki.

Alifika langoni jua bado lipo. Waithira alikuwa amesimamishwa kando ya kibanda cha walinzi, miguu mitupu, unyayo mmoja ameuinua kidogo kwa lile donda. Akala zake zilikuwa mkononi mwa Gerishon. Na hili sitalisahau, ingawa sikuwepo: Kagwe anasema mkewe alipoliona gari alitabasamu.

"Ndiye huyo, hedimani!" alisema. "Si nilikwambia atakuja? Baba Njambi, waambie. Nimesema alama ni yangu, alfajiri tukiteka maji niliondoka mstarini nikaokote kuni. Wanasema akala nimepewa na watu wa msituni. Nikawaambia ni spea yako ilipasuka, waje waangalie gari, meno ni yale yale."

"Nimempa nafasi," alisema Gerishon. "Yakifanana, anachukua akala zake anaenda kupika. Mimi si mnyama."

Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akala mkononi. Akaenda la nyuma. Akazunguka upande wa pili, na Waithira akawa anamfuata kwa macho, gurudumu kwa gurudumu, tabasamu likimwisha.

"Mapya," alisema Gerishon. "Yote."

"Ya zamani yalikuwa hivyo hivyo," Kagwe alisema. "Mke wangu anasema kweli. Spea ilikuwa yangu."

"Yako wapi hayo ya zamani? Asubuhi nitume mtu."

Kagwe akajibanza kwenye mlango wa gari. Gerishon alisogea karibu, akalinusa shati lake, mara moja tu, akarudi nyuma.

"Wũi, Kagwe," alisema, na hata yeye alionekana kusikitika. "Mtu asiye na neno anachomaje matairi mazima?"

Waithira alichukuliwa na lori asubuhi iliyofuata, akapelekwa kizuizini. Kagwe aliachwa, kwa kuwa Dhanji alikuja kumwombea. Kwa Waithira hakuja mtu. Waithira alirudi wakati mtoto wao Njambi ameshaanza kusoma. Katika miaka yote waliyoishi tena pamoja, hakumlaumu mumewe hata siku moja. Alimuuliza jambo moja tu, jioni ya kwanza, akiosha miguu yake:

"Baba Njambi, ulidhani wakiniuliza akala zimetoka wapi, mimi nitasema uongo?"