Masi na Masizi

Geti lenyewe lilikuwa dogo, nililolichomelea boma la jirani yangu hapa Lodwar. Alikuja kulichukua asubuhi, akalisukuma kwa mguu kama mtu anayejaribu tairi, na bawaba ikadondoka mchangani. Yeye alikasirikia geti. Mimi niliwaza miguu minne ya stendi ya tangi la maji niliyoichomelea siku tatu kabla, kwa mashine hiyo hiyo, katika shule ya chekechea ng'ambo ya mji.

Lori la maji lilikuwa lifike shuleni mchana huo. Na asiyeijua Turkana ataniuliza kwa nini watoto wasikatazwe kukaa chini ya tangi. Wakae wapi? Uwanja mzima una kivuli kimoja, na kivuli hicho nilikijenga mimi.

Ilikuwa nimpigie mwalimu mkuu simu papo hapo. Sikupiga. Niliogopa, na sioni haja ya kuficha. Nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba stendi ile hata ndovu angepanda. Nikajiambia nitengeneze mashine kwanza, halafu niende nirudie viungo vyote kimya kimya kabla lori halijafika.

Ni mashine kuukuu ya mig niliyoipata Kakuma, kwa fundi Mkongo aliyebadilishana nami na ile yangu ya vijiti. Hii huchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, na ikiwa na nguvu huchacharika kama mafuta ya mandazi. Yangu ilikuwa inakohoa. Waya uliyeyuka, ukalala juu ya chuma kwa mstari mzuri kweli, lakini haukuingia ndani. Uzuri huo ndio ulionidanganya.

Siku nilipoipakia, Mkongo aliniusia jambo moja tu: moto ukipungua, safisha masi. Nikaelewa masizi. Nani asingeelewa masizi? Nilidhani neno limemkatikia mdomoni, na wiki nzima nikawa nakwangua masizi kwenye mdomo wa bunduki ya kuchomelea kama mtu anayesugua sufuria ya msibani. Asubuhi hiyo nilikwangua tena. Nikabadilisha ncha ya shaba. Nikaitupa kando ile ekstensheni ndefu, nikachomeka ukutani moja kwa moja. Nikazungusha swichi ya nguvu hadi mwisho. Kwa haraka nikajichoma kidole, na kwenye kipande cha majaribio mstari ukabanduka kwa nyundo moja. Kipande cha pili, vilevile. Saa sita ilikuwa inakaribia.

Nikampigia Mkongo. Nilimfokea kwamba ameniachia mzoga, kwamba nimesafisha masizi mpaka chuma kinang'aa, anataka nisafishe nini tena. Akasema polepole:

"Haiko masizi, mama. Masi. Ile kamba yenye inarudishaka moto."

Athi! Sisi tunaiita athi, ile kebo unayoibana kwenye chuma ili umeme upate njia ya kurudi. Wao wana neno lao la Kifaransa. Na kibano chake nilikuwa nimekiangalia mara kumi, kipya, kinametameta. Nikakishika: kilikuwa cha moto. Nikavuta mpira wa nyuma, na ndani kebo ilikuwa imeoza kijani, imebaki nyuzi chache tu. Nikaikata hadi penye shaba nzima, nikaifunga upya kwa bolti. Mashine ikachacharika. Nilitaka kulia na kutukana kwa pamoja.

Lakini nilipofika shuleni na mashine nyuma ya bodaboda, lori lilikuwa limeshaegeshwa na mpira wa maji uko juu ya tangi, bado haujafunguliwa. Chini yake watoto walikuwa wameketi na vikombe vyao. Mwalimu mkuu akanisalimia, ejok, akauliza nimesahau nini. Hapakuwa tena na kimya kimya.

"Watoe watoto, mwalimu. Nilichomelea vibaya."

Aliwatoa kwa mikono, wawili wawili. Nikapiga nyundo kiungo kimoja cha pembeni, na ule mstari wangu mzuri ukaanguka mzima miguuni pa mwalimu. Dereva, aliyekuwa analalamika kwamba anacheleweshwa, akauteremsha mpira.

Nilivuta umeme kutoka ofisini, nikarudia viungo vyote, nikavigonga kimoja kimoja mwalimu akiona. Lori lilipoanza kumwaga maji niliketi chini ya tangi peke yangu. Lilijaa hadi likafurika, maji yakanilowesha kichwa. Mwalimu alisimama juani na watoto wote, hakumruhusu hata mmoja anisogelee.

Tangi liko pale hadi leo. Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia watoto kivuli, mwalimu huokota jiwe na kugonga miguu yote minne. Huniuma. Nikipita saa hiyo husimama nisikilize hadi wa nne, na sijawahi kumwambia aache.