Radhi ya Dodoma

Kwetu Ujiji mtu hasafiri mbali bila radhi ya mama. Unapiga magoti, anakuwekea mkono kichwani, anasoma dua, kisha anaitaja njia yako kituo kwa kituo. Mimi nilimwambia nakwenda semina Dodoma. Mama akasoma, akataja Uvinza, Tabora, Manyoni, Dodoma, akaniachia. Pasipoti ilikuwa mfukoni, inanichoma.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda India. Kikundi chetu cha vijana wa dini mbalimbali, pale Kigoma mjini, kilialikwa kuzuru mahali patakatifu pa kale pa Wabudha, tukachaguliwa wawili: mimi, na dada mmoja Mkatoliki wa Kalinzi, ambaye kwao wanalima kahawa. Yeye aliwaeleza wazazi wake kila kitu, na padri akambariki mbele ya watu. Mimi niliogopa. Mama yangu ni mtu wa swala tano, na habari za masanamu kwake hazina mjadala. Nikajiambia, nikirudi salama nani atajua? Mjinga mimi.

Treni ilipoondoka Dodoma nami bado nimekaa, nikachungulia stesheni ikibaki nyuma. Kwenye ndege ndiyo ikawa balaa. Kila ilipotikisika niliwaza kuwa radhi yangu ni ya treni, tena imeishia njiani. Huku juu nimekuja kwa idhini ya nani?

Siku moja tukafika kwenye mnara mnene wa matofali, mkongwe mno, mahali ambapo inasemekana Budha alitoa mafundisho yake ya kwanza. Tukavua viatu. Watawa walikuwa wakiuzunguka polepole, tukaalikwa kutembea nao kimya. Miguu yangu ikaanza yenyewe, mnara ukiwa mkono wa kushoto, kama tulivyojifunza tawafu madrasa kwa kuzunguka meza ya mwalimu. Nikakutana nao uso kwa uso. Mtawa mmoja akanishika bega, akanigeuza, akitabasamu. Dada wa Kalinzi alijiziba mdomo asicheke. Mimi jasho lilinitoka. Tawafu ni ya Al-Kaaba peke yake, na mimi nimeianzisha hapa! Nikatoka kwenye mstari, nikaenda kukaa kwenye nyasi.

Dada akanifuata. “Yewe,” akaniita kwa lugha ya kwao, “unamwogopa Budha?”

“Namwogopa mama.”

“Si umpigie simu?”

Sikupiga.

Baada ya wiki mbili nilishuka stesheni ya Kigoma nikiwa mzima, na uongo wangu mzima. Mama nilimkuta ufukweni Ujiji, anageuza dagaa juani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Dodoma hawajambo?”

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama kwa furaha kiasi kwamba nilishindwa. Nikapiga magoti mchangani, nikamwambia yote, ndege, mnara, mpaka kule kuzunguka kinyume. Nikangoja anifukuze.

“Ulisujudu?”

“Sikusujudu, mama.”

Akarudi kwenye dagaa wake. Aligeuza safu nzima, na mimi magoti yananiuma, sithubutu kuinuka. Afadhali angenipiga.

“Wiki mbili,” akasema mwishowe, bila kupandisha sauti, “kila nikiswali nakuombea njia ya Dodoma. Kumbe njia yenyewe haina mtu, na mwanangu yuko angani peke yake.”