Maganda Ishirini ya Shaba

Kila Jumatatu baada ya chai nilikuwa nawapigia simu wauza bunduki. Mimi, mwanamke wa Tanga ambaye hata panya nikimwona napanda juu ya kiti, nilijua kwa kichwa namba za maduka manne ya bunduki ya Johannesburg, na sauti za wauzaji wake nilizizoea kuliko sauti za ndugu zangu. Niliuliza fataki. Mwanamke wa duka la kwanza alikuwa ananijibu kabla sijamaliza: "Eish, mama, bado. Jaribu wiki ijayo." Wa duka la pili hakuwa akisema hata eish.

Fataki hizo si zile za kupasua sikukuu. Ni vikombe vidogo vya chuma, punje ya dengu ni kubwa kuvishinda, vinavyobanwa kwenye kitako cha ganda la risasi. Pini ya bunduki ikikigonga kimoja, ndicho kinachowasha baruti iliyo ndani. Bila hicho vingine vyote ni mapambo. Na aina aliyoitaka mzee wangu haikuwepo. Mara mzigo haujafika, mara karatasi za forodha, mara zimefika zikagawanwa kabla ya kuwekwa rafuni.

Mzee huyo nilikuwa namtunza nyumbani kwake Bezuidenhout Valley. Mimi nilipanga chumba Troyeville, kwa hiyo asubuhi nilikwenda kwa miguu. Alikuwa Mzungu aliyezaliwa Lubumbashi, na Kiswahili alikipata huko kwa yaya kabla hajaijua lugha ya baba yake. Siku ya kwanza nilipofungua mdomo alicheka hadi akakohoa. "Mama, weye unasema sawa radio," aliniambia. Nikamjibu kwamba heri radio kuliko shoka, maana Kiswahili chake kilikuwa kimechongwa kwa shoka. Tukaelewana hapo hapo.

Siku hiyo hiyo nikamwambia kwamba nitapika, nitafua, nitampa dawa zake, lakini chumba chake cha bunduki sikiingii. Akasema sawa. Ikapita miezi miwili, nikaingia.

Hakuwahi kupiga kiumbe. Alipiga karatasi. Mchezo wao ni hivi: bunduki hulazwa juu ya meza ya saruji, mbele imeegemea kigoda cha chuma, nyuma imekalia mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, na mpigaji anaigusa kwa kidole tu. Anapiga risasi tano kwenye karatasi iliyo mita mia mbele. Hawajali sana kama umepata katikati. Wanapima umbali kati ya tundu na tundu. Ukizipitisha zote tano katika tundu moja, karatasi yako inatundikwa kwenye ukuta wa klabu, na inabaki hapo hata ukifa. Mzee alipiga tangu ana nywele nyeusi, na ukuta ule haukuwa na karatasi yake hata moja.

Sasa jicho lake la kulengea lilikuwa linakufa kuanzia katikati. Pembeni aliona, alichokitazama hasa kilikuwa kinafutika. Daktari alimwambia kwamba sindano zitachelewesha tu. Yalibaki mashindano ya siku moja tu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, kabla hajarudisha leseni na kuuza kila kitu.

"Minataka karatasi moja, mama. Paka moja," aliniambia. Paka huyo si mnyama; kwao neno hilo maana yake ni "tu". Hakutaka kombe, alitaka karatasi moja tu.

Risasi za dukani hazifai kwa kazi hiyo. Kila mpigaji anajaza zake mwenyewe: anachukua ganda tupu, anabana fataki mpya, anapima baruti, anakalisha risasi juu, na akishapiga anarudi kulijaza ganda lile lile. Ganda likishapigwa mara kadhaa linakaa katika bunduki yake kama mguu katika ndala ya zamani, na katika bunduki ya mtu mwingine halikai hivyo. Mzee alikuwa na ishirini, ya toleo moja ambalo halitengenezwi tena, katika sanduku la mbao lenye matundu ishirini. La kwanza lilipigwa kwanza na kurudi kwenye tundu la kwanza. Hakuyaandika namba. Mahali lilipokaa ndipo palipokuwa jina lake.

Niliingia chumba kile kwa sababu ya mikono yake. Ilikuwa inatetemeka, na baruti ilikuwa inamwagika mezani. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwambia sogea. Tangu hapo mimi nilipima na yeye akakaa ubavuni, ufunguo wa kabati la bunduki ukiwa shingoni mwake. Nilidondosha punje moja moja kwenye mizani mpaka mshale ulale pale alipotaka. Nilikuwa hodari, tena nasema bila haya. Katika nyumba nyingi nilizofanya kazi katika mji huu nilisifiwa kwa sakafu. Huyu alinisifu kwa jambo ambalo watu wengi hawaliwezi, na nilikuwa natembea kurudi Troyeville nimenyoosha shingo.

Hata mfuko wa mchanga niliushona mimi, kwa sababu ule wa kutoka nje alioutaka nao ulikuwa haupatikani. Nilipasua mkoba wangu wa ngozi, nikaazima cherehani ya fundi Mkongo wa mtaani kwetu, aliyeniuliza kama ni mto wa mtoto. Mchanga niliuosha, nikauanika, nikauchekecha mara tatu kwa chekecheo la unga. Mzee aliupigapiga kwa kiganja. "Iko muzuri," akasema, kisha akarudia.

Lakini fataki hazikuja. Mwezi wa nne nikachoka na simu, nikamwambia twende wenyewe, maana mtu wa simu ni rahisi kumfukuza. Tukaenda Marshalltown, kwenye duka lenye milango miwili ya chuma ambapo wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe. Rafu ilikuwa na vibandiko vya bei na vumbi. Kijana wa dukani, mpole kabisa, alitoa pakiti ya aina nyingine, ya bastola, akasema hii ipo. Mzee akamshukuru kwa kichwa, kama mtu aliyekwenda kutafuta dawa akapewa peremende.

Tukapitia Doornfontein kwa fundi wa kukereza vyuma aliyemtengenezea vifaa vyake vya kubania maganda, tuone kama yeye ana akiba. Karakana ilikuwa imegeuzwa duka la vifuniko vya simu. Mlinzi, mtu wa Bukavu, akatuambia, "Yule mzee aliendaka, mama. Alifuataka watoto yake ng'ambo." Teksi ikapita robot ya kwanza, ya pili, na ya tatu, zile taa za barabarani. Hapo mzee akasema kwamba wote waliomjua kwa kazi wamekwisha. Nikamfunga vifungo vya koti.

Fataki zikapatikana siku tatu tu kabla ya mashindano, na hazikutoka dukani. Mwenzake wa klabu, mwenye leseni kama yeye, alikuja na bakkie, pikapu yake, akamgawia trei moja kutoka kwenye akiba yake. Mzee aliishika kwa mikono miwili. Nilimwona akiwa na furaha, furaha ya kweli, na ninaandika hivi nikijua kwamba ndiyo ilikuwa ya mwisho niliyoiona.

Kesho yake, Alhamisi, yule mwenzake akampeleka kwenye sindano ya jicho. Nikabaki peke yangu. Baruti, fataki na bunduki vilikuwa kabatini, lakini sanduku la maganda lilikuwa wazi mezani, kwa kuwa ganda tupu ni shaba tu. Nikayatazama. Yalikuwa yamefubaa, midomo yake myeusi kwa moshi, na nikaona aibu. Nilihisi kama ninamwachia mtu aende arusini na shati lisilopigwa pasi.

Kwetu, siku mbili kabla ya Idi, mama yangu alikuwa anatutoa uani na masinia ya shaba, buli na visahani. Tulisugua kwa ukwaju na majivu mpaka tujione nyuso. Shaba iliyofubaa siku ya sikukuu ilikuwa fedheha ya nyumba nzima. Basi ukwaju nilikuwa nao jikoni, na majivu yalikuwepo uani pale anapochomea nyama. Nikakunja mikono ya gauni. Nilisugua moja baada ya jingine, na kwa kuwa mimi si mtu wa kusafisha nje nikaacha ndani, nilivingirisha kitambaa kwenye njiti nikaingiza midomoni mwa maganda, nikazungusha mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nikayasuuza kwa maji ya moto. Nikayapanga kwenye sinia juani kwa mduara, kwa sababu mduara unapendeza.

Yaling'aa. Naapa yaling'aa. Nilikaa nikimsubiri kama mtoto anayesubiri kusifiwa.

Alirudi na jicho limefungwa. Nikamwongoza mpaka kwenye sinia. Akachukua ganda moja, akalileta karibu na jicho zima, akalinusa.

"Mama, ulisafisha?"

"Ndiyo, mzee. Kwa ukwaju, kama kwetu."

"Na mu ndani?"

"Na ndani. Mimi nafanya kazi nusu nusu?"

Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Ya kwanza iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia yote ni sawasawa. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Haina sawa."

Akanieleza taratibu, na hiyo ndiyo iliyoniua. Ule weusi wa ndani ya mdomo ndio unaoiachia risasi itoke kwa ulaini ule ule kila mara. Alikuwa ameujenga kwa misimu mingi, tabaka juu ya tabaka, hasuguli ila kwa brashi laini, mara moja tu. Na mpangilio wa sandukuni ulikuwa kumbukumbu yake ya tabia ya kila ganda. Vyote viwili nilivitoa kwa asubuhi moja, kwa majivu, huku nikiimba.

Nilitaka anitukane. Nilisimama pale nikisubiri anitukane, nichukue mkoba wangu niondoke nikilia njiani. Akaomba chai.

Jioni ile na Ijumaa yote nilipiga simu kwa maduka yote manne, kisha kwa mengine ya miji ya mbali ambayo sikuwahi kuyapigia. Sasa fataki tulikuwa nazo na nilikuwa natafuta maganda. Mwanamke wa duka la kwanza alitambua sauti yangu. Nilipomtajia toleo akasema, "Sista, hayo hata mimi nilishayasahau." Nikaweka simu chini. Mzee akaniita chumbani, tukajaza yale yale yaliyokuwepo. Nilipima baruti vizuri kuliko siku zote, na haikunifariji hata kidogo.

Jumamosi uwanja ulikuwa na nyasi kavu na baridi inayouma masikio. Wanaume walimwamkia kwa heshima, mmoja akaona maganda yake, akapiga mluzi, akasema kumbe mzee kanunua mapya. Mzee akasema ndiyo. Alinilinda, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Kila mpigaji alikuwa na karatasi nne. Mimi nilikaa kwenye darubini ya kutazamia, kwa kuwa mzee aliona ukingo wa shabaha lakini matundu hakuweza kuyaona. Karatasi ya kwanza, matundu yalitawanyika. Hakuuliza. Ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Sijui kama ni majivu yangu au ni jicho lake. Sitajua kamwe, na mtu asiniambie kwamba kutojua ni nafuu.

Karatasi ya nne alichukua muda mrefu. Alipiga tano, akainua kichwa, akageuka upande wangu. Machozi ya upepo yalikuwa yanamtoka.

"Iko namna gani, mama?"

Nilitazama. Matundu yalikuwa matano, kila moja peke yake, unaweza kupitisha kidole katikati. Nikasema, "Tundu moja, mzee. Moja, limepanuka kidogo tu."

Alitabasamu, akaweka kiganja juu ya ule mfuko nilioushona, akaubonyeza kidogo. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika zile chache nilikuwa na raha.

Kisha msimamizi akazikusanya karatasi, wakazipima, na kama ilivyo desturi yao, kila mtu akarudishiwa zake. Nilikuwa nimeisahau desturi hiyo. Mzee aliitandaza ya nne juu ya mfuko wa mchanga. Hakuvaa miwani. Alipitisha kidole cha shahada juu ya karatasi, polepole, kikasimama. Kikaendelea, kikasimama tena. Nilikifuata kile kidole kwa macho mpaka kiliposimama mara ya tano.

"Aksanti, mama," akasema.

Akanipa karatasi niishike isipeperuke. Akavuta lile sanduku la mbao, akaanza kurudisha maganda ndani, moja moja, katika tundu lolote alilolipapasa kwanza.