Simu ya Mwalimu Ilipoacha Kusema

Mwalimu aliyenifundisha kusoma nikiwa darasa la kwanza alipofushwa na presha ya macho muda mfupi baada ya kustaafu. Wakati huo mimi tayari nilikuwa na kibanda changu cha kutengeneza simu mtaa wa Sakina, mjini, na yeye alikuwa amerudi kwenye kahawa na migomba yake kule juu mlimani, kijiji kimoja na wazazi wangu.

Hakukaa bure. Alikuwa na simu ya zamani, nzito, yenye vitufe chini ya kioo kidogo, na ndani yake programu iliyomsomea kwa sauti kila alichobonyeza. Ilikuwa sauti ya kike, kavu kidogo, yenye Kiswahili kinyoofu kuliko changu, maana mimi hata leo nikikasirika naangukia Kimeru. Kwa simu hiyo alisoma meseji na kuandika barua. Kwa simu hiyo hiyo aliandika mihtasari ya chama cha wakulima wa kahawa, ambacho alikuwa katibu wake miaka yote ambayo hakuona.

Kisha chama kikaletewa programu mpya. Kila mwanachama ajiandikishe kwa simu yake, apigie kura viongozi kwa simu yake, simu moja mtu mmoja. Viongozi wakaniita niwe mkufunzi. Nilishona gauni kwa ajili ya siku ile. Nilisimama mbele ya watu walioniona nikichunga mbuzi, nikawafundisha.

Wiki iliyofuata Mwalimu alikuja kibandani, mke wake amemshika kiwiko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hiki kitu chenu kimenikataa. Kinasema simu yangu haifai. Haifai kwa nini, na mimi naitumia kila siku?"

"Ni ya zamani, Mwalimu. Sistimu yake haielewani na programu mpya."

"Basi zipatanishe. Wewe si ndiye fundi?"

Nilimwambia atafute simu ya kisasa. Akasema binti yake alishamletea moja, kioo kitupu kisicho na kitufe hata kimoja. "Ni kama kupapasa kitako cha sufuria," akasema, na mke wake akacheka.

Nilijaribu kuweka toleo la nyuma la ile programu. Ilifunguka, ikadai toleo jipya, ikajifunga. Nilifuta vitu kupunguza uzito, ikawa vile vile. Ikabaki njia moja, kufuta sistimu yote na kuweka mpya zaidi, kazi tunayoiita kuflashi. Mwalimu aliniuliza swali moja tu.

"Sauti itabaki?"

"Itabaki."

Sikuwa najua. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo tunavyowajibu wateja, na kwa sababu sikutaka mwalimu wangu aone kuna kitu sikijui. Nilihamisha namba zake, picha na maandishi yake. Ile programu ya kusoma sikuihifadhi, nikiamini nitaipakua tena mtandaoni. Kumbe walioitengeneza walishaiondoa zamani.

Programu ya chama ilikubali. Ukurasa wa kujiandikisha ukatokea kiooni na nikapiga makofi. Halafu nikawasha msomaji aliyekuja na sistimu mpya. Alijua Kiingereza tu. "Karibu mwanachama" aliitafuna kama mtalii aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ile, maneno mengine akiyataja herufi moja moja. Simu ikapata moto, ikaganda.

Mwalimu aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

Nikamwomba aniachie simu. Nilirudisha sistimu ya zamani, lakini sauti haikurudi nayo. Nilitafuta kwenye mitandao ya mafundi, nikaenda mtaa wa Daraja Mbili kwa fundi mwenzangu mwenye sanduku la simu mbovu. Alikuwa nayo moja ya aina ile, imekufa kabisa. Kila Mwalimu alipopiga kwa simu ya mkewe nilimjibu, "Bado kidogo." Siku ya uchaguzi ikafika akiwa hajajiandikisha.

Alikuja mkutanoni hata hivyo. Akasimama, akaomba jina lake liandikwe kwa mkono.

"Mwalimu, mfumo hauruhusu," alisema mwenyekiti. Akanigeukia. "Mkufunzi, si ndivyo?"

Haikuwa ndivyo. Mimi ndiye niliyepewa funguo za mfumo ule. Ningeweza kumwandikisha kwa simu yangu pale pale, kabla hajakaa. Lakini viongozi walikuwa wameniahidi kazi ya ukufunzi kwenye vijiji vingine, na kanuni ya simu moja mtu mmoja nilikuwa nimeitangaza kwa mdomo wangu.

"Ndivyo," nikasema.

Mwalimu aligeuza uso kuelekea nilipokuwa. "Nimekusikia," akasema. Mke wake akamshika mkono, wakatoka. Akachaguliwa katibu mwingine.

Nilimpelekea simu yake ikiwa kimya. Aliipokea, akapitisha vidole kwenye vitufe, akamkabidhi mkewe aiweke kabatini. Alinishukuru. Mama yule alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia, "Alikuwa anashinda nayo. Sasa ananiuliza mimi hata saa." Hakusema kwa ukali.

Msimu uliofuata programu ya chama ilibadilishwa tena, ikazikataa simu za nusu ya wanachama. Wakaiacha, wakarudi kwenye daftari. Yule katibu mpya alikuwa ameshahamia mjini, na wazee wakanituma mimi nikamwombe Mwalimu arudi awasaidie.

Mke wake alinipokea mlangoni. Akasema Mwalimu amelala.

Ilikuwa saa nne asubuhi, na nilimsikia akikohoa sebuleni, hatua chache kutoka niliposimama. Niliacha salamu, nikashuka.