Sahani Yenye Ukingo wa Bluu

Majuzi nilikwenda Kanyenye, pale Tabora mjini, kuhani msiba. Mama wa ile nyumba niliyokaa utotoni alikuwa ametangulia mbele ya haki, nikaona si vizuri nisifike. Tulipoketi mkekani, vijana wakatugawia pilau, kila mmoja na sahani yake ya plastiki. Wenzangu wakala. Mimi niliishika ile sahani mpaka mafuta yakaganda, na mwanamke wa pembeni akaniuliza kama naumwa. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, ingawa shule yangu ni ndogo na pengine mengine nayakumbuka vibaya.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Mwalimu wetu wa kijijini, upande wa Nzega, alipatana na mwenzake wa Tabora mjini wabadilishane watoto kwa muhula mmoja: wa mjini waje washike jembe, sisi twende tukauone mji. Mwalimu alipenda kusema kwamba mtoto wa nchi hii hana nyumba ya ugenini. Mimi nikapelekwa kwa fundi cherehani wa Kanyenye, na binti yake, tuliyelingana umri, akaenda kwetu kulala kwenye kitanda changu cha kamba.

Nyumba ile niliipenda, nisidanganye. Asubuhi iliniamsha adhana, kisha harufu ya vitumbua, kisha cherehani ikianza kulia barazani. Nilichota maji bombani, nikachambua mchele, nikafagia ua. Mama alinisuka nywele kwa mikono yake, akambembeleza mumewe anishonee gauni la vipande vilivyobaki. Hakuna siku niliyolala njaa.

Ila ukifika wakati wa kula, bibi, mama na watoto walizunguka sinia moja la wali, mimi nikapewa sahani yangu ya bati, yenye ukingo wa bluu, nikae kwenye kigoda pembeni. Nami nikafurahi. Kwetu sote tulimega ugali kwenye chombo kimoja. Anayetengewa chake ni mgeni mzito, mtu aliyetoka mbali akiwa na neno la kusema. Nikajiona mkubwa.

Siku moja nimeosha vyombo, nikaichanganya sahani yangu na vyao. Bibi akaona. Hakunifokea. Alimwita mama, vyombo vyote vikatolewa vikaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, kama inavyooshwa najisi ya nguruwe. Sahani yangu ikarudi kwenye msumari wake nje ya jiko. Mjukuu mdogo ndiye aliyenifumbua macho, tena kwa utani tu: "Nyie si wala ngiri?"

Ni kweli tulikuwa tunamla. Baba alikuwa na mitego porini. Bibi alishika dini yake kama alivyofundishwa, na hapo sina haki ya kumlaumu. Lakini jirani wa ukuta wa pili, Mwislamu vilevile, kila akinikuta ananiita kwenye sinia lake: "Njoo mwanangu, mkono ukinawa umenawa." Kwa hiyo sijui. Nilichokitaka tangu siku ile ni kuambiwa mara moja tu, katika nyumba ile niliyofagia, nisogee. Nilikuwa nanawa mpaka viwikoni, nikikawia makusudi ili waone. Muhula ukaenda.

Siku ya mwisho baba alifika na lori, amemrudisha binti yao, mkononi ana mfuko wa michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, na kibuyu cha asali. Chakula kikaandaliwa, wanaume barazani, sisi uani. Binti akaniona kigodani, akauliza mbona huyu hasogei. Mama akamsogezea wali.

"Bibi, mimi kwao nilikula nao chombo kimoja," akasema. "Mama yake alifinyanga chungu kipya kwa ajili yangu. Baba yake aliitegua mitego yote."

Bibi alitafuna mpaka akamaliza. "Walifanya vizuri. Ulikuwa mgeni wao."

"Na huyu?"

"Kula, mjukuu wangu. Wali unapoa."

Binti alinitazama, kisha akanawa, akala. Alikuwa ameukosa wali wa kwao muda mrefu.

Kwenye lori baba alikuwa na furaha nisiyoizoea. Kumbe barazani fundi na wageni wengine walishiriki sinia, yeye akaletewa sahani. "Watu wa mjini wana heshima, mwanangu," akaniambia. "Wazee wote wale, aliyetengewa chake ni mimi tu."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Aliisimulia habari hiyo kila mavuno mpaka tulipomzika, na kijijini waliihesabu kuwa sifa yake.

Sasa pale msibani binti yule, naye bibi kama mimi, alikuja akaketi karibu yangu. Akaiangalia sahani yangu iliyojaa. "Sinia lile lilitoboka, dada," akasema. "Watoto wamelitupa. Siku hizi kila mtu na chake." Nikamwambia hata kwangu ni hivyo.

Watu wa umri wetu hupenda kulilia zamani, kwamba tulikula pamoja. Nawasikiliza, siwapingi, huenda wao walikula. Mimi nimebaki kigodani, mikono nimenawa, na sinia limeshaondoka.