Picha Mbili za Namba Moja

Zilibaki dakika arobaini waamuzi wa Nairobi wampigie Drusilla Chepkirui kwa video. Walitafuta mtafiti mmoja chipukizi wa magonjwa ya retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na daktari wetu wa Sosiot, mwenye miaka thelathini na mmoja, alikuwa kati ya watatu wa mwisho. Mshindi angepewa kamera mpya ya kupigia picha za retina na nafasi ya kusomea upasuaji wa retina. Alikuwa ameomba nafasi hiyo mara nne, akakataliwa mara nne.

Mzee Kipruto aliingia bila kubisha, kofia mkononi.

"Daktari, mama siku hizi anamimina chai nje ya kikombe. Hizo picha zenu hazijamsaidia."

"Mkeo, Mama Priscah? Hana faili hapa, mzee."

"Aah, iko! Yeye ndiye alipigwa picha Januari. Mimi nikapigwa Agosti."

"Kwa nini wewe?"

"Si mlituma ujumbe mwenye namba aje? Namba iko kwa jina langu. Nikaacha ng'ombe, nikakuja."

Chepkirui alinitazama. Mimi ni muuguzi wake, na namba hizo niliziandika mwenyewe. Ili kuficha majina, kila mgonjwa wa sukari, ugonjwa unaoharibu retina, tulimtambua kwa namba ya chai, ile anayopimia majani anapoyauza kituoni. Nimezaliwa katika chai. Nilijua namba ni ya boma zima, mume, mke na watoto wote wakipima kwa hiyo moja. Nilijua, na bado niliandika.

Alifungua faili. Januari: damu imevuja, jicho la kulia. Agosti: safi. Chini alikuwa ameandika, "Amepata nafuu. Hahitaji tiba ya leza." Watu kumi na tisa wa namna hiyo, waliopata nafuu kwa kubadilisha chakula tu, ndio waliomfikisha alipofika.

"Ongea na waamuzi kwanza," alisema Daktari Mageto, mkuu wa kliniki, aliyekuwa akisikiliza mlangoni. "Utarekebisha baadaye. Faili moja ni nini?"

"Sijui kama ni moja."

"Basi usiseme usichokijua."

Chepkirui alimgeukia Kipruto. Alimtuma mzee akamlete mkewe kwa pikipiki. Kisha kompyuta ikaita.

Mwamuzi, mama mwenye sauti ya upole, alianza na wale kumi na tisa. Chepkirui aliivuta faili karibu.

"Msiwahesabu," alisema. "Nimegundua leo kwamba mmoja wao ni watu wawili. Wengine bado sijawakagua."

"Unaelewa maana yake kwa maombi yako?"

"Naelewa. Yaondoeni."

Mageto alitoka nje.

Priscah alifika na aproni yake ya kuchumia, akimgombeza mumewe. "Kwa chai mwenye namba ni wewe, bonasi ikija ni wewe, sasa hata ugonjwa wangu umechukua!"

Chepkirui alimchunguza muda mrefu. Jicho la kulia lilikuwa limeshapofuka. La kushoto lilikuwa linaanza kuvuja. Alimweleza yote, bila kunitaja.

"Kwa hivyo miezi hii yote ningekuwa natibiwa?"

"Ndiyo, mama. Kosa ni letu."

"Na hili lingine?"

"Mjini wana leza ya kuziba mishipa inayovuja, wanafunga saa kumi. Tukitoka sasa tutawapata."

Priscah alisimama polepole. "Sijasema nimekusamehe," alisema. "Nishike mkono. Hizo ngazi sizioni."